Sauti Ng'ambo ya Matete

Ukiuliza kijijini Golbanti kwamba Asenath ni mtu wa namna gani, utaambiwa ni mchapakazi. Ukiuliza tena, utaambiwa anamcha Mungu, anamtunza mama yake, anajua kupika kambale hata mgonjwa akaomba aongezewe, na hana makuu. Ukishikilia kwamba unauliza habari ya sura, mtu uliyemuuliza atatazama kidogo upande wa mtoni, kisha atasema, "Ni mtu mzuri sana." Hapo umeshajibiwa.

Si kwamba ana kilema. Kilema kingekuwa na kisa chake, na watu wangekuwa na la kusimulia. Asenath ana paji pana, macho yaliyokaribiana kama yananong'onezana, meno ya juu yanayofika mahali kabla ya mdomo, na mabaka ya tetekuwanga aliyougua ukubwani. Vyote hivyo hupatikana katika nyuso nyingine za bonde hili la Tana, isipokuwa huko vimegawanywa kwa watu mbalimbali.

Wataalamu wa saikolojia wamewahi kuwapa watu picha za wageni na kuwaomba wakisie nani mkarimu, nani mwaminifu, nani atakuwa na ndoa ya raha. Wenye sura nzuri walipewa karibu kila kitu, na waliokuwa wakigawa hawakujua kama wanagawa. Golbanti hakujafika mtaalamu wa namna hiyo, wala hakuna haja ya kumlipia nauli. Kwa Asenath jambo hilo lilikwenda kinyumenyume: alipewa sifa nyingi ili kufidia ile moja, na watu waliompa walidhani wanamfanyia wema.

Alikuwa na miaka thelathini na nne, na posa ilikuwa imewahi kumfikia mara moja. Ilitoka kwa Johnson, fundi wa kuchonga mitumbwi, mtu mpole asiyekunywa, mwenye shamba lake na mabati yake. Kijiji kilifurahi sana, maana kichwani mwao walikuwa wamewaoza hao wawili zamani. Johnson ana jicho moja lililofunikwa na utando mweupe, na watu waliona hapo pamelingana. Hakuna aliyeyasema hayo kwa mdomo. Walisema, "Wanafaana," kwa sauti ya mtu anayepanga sahani kabatini.

Asenath alikataa.

"Umemkataa kwa nini?" mama yake, Teresia, alimuuliza.

"Simpendi, mama."

"Humpendi nini? Johnson ana ubaya gani?"

Asenath alichukua jembe akatoka, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa ni lile jicho. Johnson alioa mjane wa kijiji cha Ngao, na mara kwa mara wakaonekana sokoni wakichekeana kwenye mafungu ya ndizi. Asenath akaendelea kulima.

Shamba la Teresia liko bondeni, ng'ambo ya mto, mahali ambapo maji ya mafuriko yakijitoa huacha tope jeusi linalopendwa na mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hufika kwa makundi, na kuanzia hapo hadi siku ya mavuno lazima mtu awe juu ya dungu, lile jukwaa la miti wanalojengea katikati ya shamba, akipiga kelele na kurusha madongo kwa kombeo tangu alfajiri mpaka jua lizame. Kuamia ndege ni kazi ya mtu mmoja na koo moja. Hakuna kazi ya upweke kuliko hiyo, ila tu kwamba ni upweke wa kupiga kelele.

Kwa sababu hiyo watu wa madungu hupigiana maneno. Mtu haoni jirani yake, au anamwona kama kijiti kwa mbali, lakini anamsikia, na wana desturi kwamba lililosemwa dunguni halishikiliwi nyumbani. Mwanamke anaweza kumtukania mzee wa kanisa mpunga wake, na jioni wakivuka kwenye mtumbwi mmoja atamwamkia kwa adabu zote.

Mwaka uliofuata mafuriko makubwa, dungu la upande wa pili lilipata mtu mpya. Kati ya shamba la Teresia na lile jirani kuna mkondo wa zamani wa mto uliokufa, umejaa matete marefu kiasi kwamba hata ukisimama juu ya dungu huoni kitu cha ng'ambo. Siku ya kwanza ilisikika sauti ya mwanamume ikifukuza ndege kwa haya, kama mtu anayemwita mhudumu hotelini.

"We wa ng'ambo!" Asenath alipaza sauti. "Hao ndege unawafukuza au unawakaribisha?"

"Wewe ndiye unayewatuma kwangu!"

"Nawatuma, ndiyo! Nimewaambia huko kuna mtu hajui hata kupiga kelele!"

"Mimi nimetoka Malindi! Nilikuwa nikiendesha lori! Tulikuwa na honi!"

"Basi piga honi, Malindi!"

Na akaipiga, kwa mdomo, honi ndefu ya lori linaloshuka mlima bila breki. Ndege waliinuka mashamba yote mawili kwa pamoja, na Asenath akacheka mpaka akashika nguzo ya dungu.

Huyo alikuwa Oliver. Baba yake alikuwa amepigwa na kiharusi, na mtoto alirudi kutoka Malindi kulishika shamba. Alikuwa akija kwa pikipiki kupitia upande wa Garsen na kurudi kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo hawakukutana kivukoni. Alimpa Asenath jina la Redio.

"Redio! Mbona leo hujafungua stesheni?"

"Nakunywa chai!"

"Chai na nini?"

"Na wivu wako!"

Lakini kelele peke yake haziwezi kujaza mchana mzima, na jua likiwa katikati ndege nao hupumzika. Hapo ndipo walipozungumza. Oliver alisema kwamba baba yake hamtambui tena asubuhi, humtazama kama mtu aliyekuja kusoma mita. Ni jambo gumu kulisema kwa kupaza sauti, na alilisema kwa kupaza sauti.

Asenath alifikiri. "Na jioni?"

"Jioni ananijua."

"Basi mwamkie jioni."

Ng'ambo ya matete kukatoka kicheko ambacho mwisho wake haukuwa kicheko. Asenath alingoja hadi kikaisha. Naye siku nyingine alimweleza habari ya Johnson, hata ile ya jicho, jambo ambalo mama yake alikuwa hajaambiwa. Alilieleza kwa mzaha, na wote wawili walicheka.

Oliver alikuwa na simu. Asenath alikuwa na simu. Hakuna aliyeomba namba. Asenath aliona huo ndio uzuri wenyewe. Alianza kuvaa leso mpya kwenda kuamia ndege, ambao hawakuonyesha kutambua tofauti, na jioni akirudi nyumbani alikuwa hana sauti, akila kimya mbele ya mama yake huku anatabasamu kwenye ugali.

Katikati ya msimu ilimbidi ampeleke mama yake kutibiwa Garsen, na Sarah akaombwa ashike dungu siku hiyo. Sarah ni binti wa baba mdogo wa Asenath, ana miaka ishirini na mitatu, anauza katika duka la vipodozi mjini Garsen. Sarah ni mzuri. Hapa hakuna haja ya kueleza zaidi. Watu wa namna hiyo humpunguzia mwandishi kazi. Tena ni msichana mwema, jambo ambalo wengi hulidhani kabla ya kuwa na ushahidi, na kwake yeye ushahidi ulikuwepo.

Sarah alikaa juu ya dungu akitazama simu, na ndege wakala. Jioni aliomba radhi, kisha akasema, "Alikuja mtu wa lile shamba jingine. Alipita kwenye matete, ana matope hadi magotini. Akasalimia, akasimama tu pale. Akaniomba kiberiti."

"Ukampa?"

"Nilimpa. Alikishika, akanirudishia, akaenda. Hata hakuwasha kitu."

Asenath hakuuliza zaidi. Kesho yake alipanda dungu lake na kupaza sauti, na Oliver akajibu kama kawaida. Hakutaja kiberiti. Asenath naye hakukitaja, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa na pande mbili.

Baada ya mavuno wageni walifika nyumbani kwa baba yake Sarah: mzee Komora, mjomba wake Oliver, pamoja na shangazi wa kijana. Teresia aliitwa kama mkubwa wa ukoo, akaketi na kikombe chake cha chai. Mzee Komora alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya mpunga, akakohoa.

"Kijana wetu," alisema, "ameona binti kwenye dungu la mama Teresia."

Chai ya Teresia ilimwagika mapajani naye hakuhisi moto.

"Huyu," mzee aliendelea, "anayefanya kazi Garsen."

Kijiji kilihitaji siku moja tu kuelewa, na kilielewa hivi: Oliver amekosea. Alipenda sauti msimu mzima, siku moja sauti ikanyamaza, akapita kwenye matete kuona kama mwenye sauti anaumwa, akakuta sura. Akaviunganisha. Nani asingeviunganisha? Maneno matamu namna ile, mtu angetegemea yatoke katika uso gani? Wanawake mtoni walilijadili jambo hilo wakiwa wamesimama majini, na hitimisho lilikuwa lilelile. "Sauti ya kumpa mtu kiberiti na sauti ya kufukuzia ndege si moja. Kijana wa watu amechanganya." Lilikuwa kosa, na kosa hurekebishwa.

Asenath aliyasikia hayo yote. Hangekiri kwa mtu, lakini alikuwa na furaha ya ajabu ajabu. Kupendwa kwa makosa ni kupendwa vilevile. Ni kama mzigo ulioandikwa jina lako ukashushwa nyumba ya pili. Ilibaki kwenda kuuchukua tu.

Sarah mwenyewe ndiye aliyelianzisha. Alikuja siku yake ya mapumziko, akaketi jikoni kwa Asenath na kuanza kuchambua mchele bila kuombwa.

"Dada, yule mtu anafikiri ni mimi niliyekuwa nikipiga kelele kule."

"Amesema?"

"Hajasema. Lakini angekuja kwangu kwa lipi? Mimi na yeye tulizungumza habari ya kiberiti."

Asenath alimtazama, mwanga wa mlangoni ukiwa umemwangukia shavuni, akaona wazi ni kwa lipi. Lakini Sarah alikuwa ameambiwa ni mzuri tangu utotoni, mara nyingi kiasi kwamba hakulihesabu tena kuwa sababu ya kitu.

"Mnaandikiana?"

"Kila siku. 'Umeamka?' 'Umekula?' 'Umelala?' Nikimwambia nimekula, anasema sawa."

"Basi? Hakuna kingine?"

"Anaomba picha."

Asenath aliinama akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Mtu yule aliyekuwa na maneno ya kujaza bonde zima, leo anauliza kama mtu amekula.

"Mimi nampenda, sikufichi," Sarah alisema. "Ana sura, ana mwendo wake, hata anavyokaa kwenye pikipiki. Lakini sitaki mume ambaye akinitazama anamsikia mtu mwingine. Mwambie, dada. Nikimwambia mimi, ataona namkataa. Akisema ni wewe, naapa nakaa pembeni."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Posa ilikuwa imeshakubaliwa, na kanisa hutangaza ndoa Jumapili tatu mfululizo, na mchungaji huuliza kama kuna mtu anayejua kizuizi. Jumapili ya kwanza Asenath alitazama vidole vyake. Jumapili ya pili wanawake wawili wa benchi la mbele waligeuka kumtazama, na mama yake akamgusa kwa kiwiko. Alikuwa akiahirisha kama mtu mwenye chakula kizuri anavyoahirisha kukila. Ilibaki Jumapili moja, na baada ya hiyo kosa lingekuwa limepigwa muhuri.

Ijumaa alivuka mto, akachukua pikipiki hadi karibu na Garsen, mahali palipoinuka ambapo watu wengi hujenga sasa kwa kuogopa mafuriko. Oliver alikuwa akijenga nyumba ya kumweka mke. Kuta zilishakandikwa, na yeye alikuwa juu ya paa, amempa mgongo, anapigilia mabati huku ana misumari mdomoni.

Njiani Asenath alikuwa amepanga maneno. Angesema hodi, angejitambulisha, angesema mimi ni dada yake Sarah, kuna jambo dogo. Alipofika chini ya lile paa yalimtoka mengine, kwa ile sauti ya bondeni.

"Malindi! Hayo mabati unayapigilia au unayaamsha?"

"Redio!" Oliver alijibu bila kugeuka, misumari ikiwa bado mdomoni. "Mawimbi yako yanafika hadi huku?"

Kisha nyundo ikasimama.

Aligeuka polepole. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka juu ya bati, na Asenath akaona uso ule mzuri, ambao alikuwa akiuona kwa karibu kwa mara ya kwanza, ukibadilika na kuwa wa adabu.

"Karibu, dada Asenath," alisema. "Nikushukie?"

"Kaa huko huko."

Maana akishuka angelazimika kumtazama. Walikaa hivyo, mmoja juu na mmoja chini. Swali lilikuwa limeshajibiwa, lakini Asenath alikuwa ametoa nauli.

"Ulijua ni mimi."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo mwanzo. Siku chache baada ya ile honi. Nilisema huyu lazima nimwone. Nikapita kwenye matete. Ulikuwa umesimama, unarusha kombeo."

"Ukaniona."

"Nikakuona."

"Kisha?"

"Nikarudi kwa njia niliyojia."

Asenath aliikumbuka siku hiyo. Ng'ambo palikuwa kimya hadi alasiri, naye alidhani ni jua.

"Na ukaendelea kuongea nami."

"Sasa kwa nini nisiendelee?" Oliver alishangaa kwa dhati. "Sijapata kuongea na mtu namna ile. Hata sasa sina. Siku ile uliponyamaza, nilikwenda kuangalia kama unaumwa, haki ya Mungu. Nikamkuta Sarah. Nikasahau kilichonipeleka. Nikaomba kiberiti, na mimi sivuti."

"Huko kwetu wanasema ulikosea."

"Nimesikia."

"Hukukanusha."

"Niliona ni afadhali kwako."

Hapo Asenath alitazama chini, kwenye vipande vya mabati vilivyokatwa na kutupwa. Alikuwa amekuja na kosa la mtu mwingine mkononi, kulirekebisha, na kumbe lilikuwa zawadi.

"Nilijaribu, Redio," Oliver alisema, na sauti ilikuwa ile ya bondeni, isiyo na adabu. "Sikudanganyi. Jioni nikirudi na pikipiki nilikuwa nikijiambia, mtu ni huyu, nenda kwao. Kisha naivuta sura yako akilini, na mwili unakataa. Ningefanya nini? Wewe mwenyewe uliniambia habari ya Johnson. Ulisema hakuna baya alilokuwa nalo yule mtu. Ni jicho tu."

Asenath alitafuta la kujibu. Kwa msimu mzima hakuwahi kukosa jibu la kumpa mtu huyu, wala kwa ndege, wala kwa chai, wala kwa baba aliyepooza. Safari hii hakulipata, kwa sababu hoja ilikuwa yake, na alikuwa ameijenga vizuri.

"Mtakuwa mkiongea nini na Sarah?" aliuliza mwishowe.

"Tutaongea. Watu huzoeana." Oliver aliigeuza nyundo mkononi. "Na wewe utakuwa ukija, si ndiyo? Sasa sisi ni mashemeji. Utakuja tuwe tukiongea."

Alilisema kwa moyo mweupe. Alikuwa ameshapanga vizuri: sura ndani ya nyumba, na sauti iwe ikitembelea.

"Bati la tatu limepinda," Asenath alisema. Ilikuwa kweli. Kisha akaondoka.

Kivukoni ng'ombe wa Waorma walikuwa wakinywa maji, kundi kubwa, na ilimbidi angoje. Boru, mchungaji wao, kijana mrefu aliyefunga kilemba chekundu, alimsalimia na kumuuliza kama mashamba ya ng'ambo yamekwisha kuvunwa, waingize mifugo kwenye mabua. Asenath alisema yamekwisha. Boru akashukuru. Ndiyo mazungumzo pekee ya jioni hiyo yaliyokwenda sawasawa.

Kesho yake Sarah alifika na mapema, akamvuta hadi nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo.

"Alisemaje?"

"Hakukosea."

"Hakukosea vipi?"

"Alijua ni mimi. Aliniona kabla yako, akaniacha. Anayekutaka ni wewe."

Sarah aliziba mdomo. Asenath alisubiri. Hakujua hasa anasubiri nini. Labda hasira, labda neno baya moja la kumtupia Oliver, litakalowafanya wawe upande mmoja. Uso wa Sarah ni uso usiojua kuficha, kwa kuwa haujawahi kulazimika. Kilichotokea humo kilitokea peupe: kwanza mshangao, kisha kitu kama taa inayopandishwa utambi.

"Kwa hivyo ni mimi," Sarah alisema. "Ni mimi kweli, dada? Si ile sauti?"

"Ni wewe."

"Wiki zote hizi nilikuwa nikijiona kama nimevaa nguo ya kuazima." Akamrukia, akamkumbatia kwa nguvu huku analia, na kile kilikuwa kilio cha furaha. Kilidumu kidogo kabla hajakumbuka anamkumbatia nani. Mikono yake ililegea. Akaanza kulia upya, kilio kingine.

"Pole, dada. Mungu wangu, pole."

"Asante," alisema Asenath.

"Mimi ni mjinga. Nimefurahi mbele yako."

"Ungefurahia wapi?" Asenath alianza kuanua nguo. "Lakini usimwambie mtu. Watu wabaki na lile wanalolijua. Hasa mama."

Sarah aliahidi, na aliitunza ahadi hiyo, maana kama ilivyosemwa, ni msichana mwema.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa kuliko kawaida, hata waliozoea kufika wakati wa baraka za mwisho walikuwa wameketi kabla ya wimbo wa kwanza. Mchungaji alisoma majina. Akauliza kama kuna mtu anayejua kizuizi chochote. Kwa kawaida swali hilo huulizwa na kupitwa kwa pumzi moja, lakini siku hiyo mchungaji naye alikuwa mtu wa kijiji, akaacha nafasi. Shingo ziligeuka. Johnson, aliyekuja na mkewe, alimtazama Asenath kwa jicho lake zima, na ndilo jicho pekee lililoonekana kutosubiri kitu.

Teresia alimminya mkono binti yake, akamminya tena.

Asenath aliufungua mdomo kidogo, kwa ajili ya kupumua, na mistari mitatu ya mabenchi ikavuta pumzi pamoja naye. Akaufunga. Mtoto wa mtu akalia nyuma. Mchungaji akaendelea na tangazo la pampu ya maji, ambayo ilikuwa imeharibika tena.

Nje wanawake walimpa mkono mmoja baada ya mwingine, wakiubana kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Mmoja alimwambia sikioni kwamba Mungu ameona alivyomwachia mdogo wake. Asenath alisema amina.

Nyumbani alibadilisha nguo, akaingia jikoni, akabandika maji. Kutoka hapo alimsikia mama yake ukumbini akizungumza na jirani aliyekuja kumliwaza.

"Mtoto wangu ana moyo," Teresia alikuwa akisema. "Neno moja tu, na leo angekuwa yeye. Kijana wa watu wala hana makosa, alichanganya. Alimpenda Asenath, yeye mwenyewe hajui." Sauti yake ilikuwa na huzuni, na chini ya huzuni hiyo palikuwa na kitu ambacho Asenath hakuwahi kukisikia kwa mama yake wakati wowote habari zake zilipozungumzwa. Kilikuwa ni fahari. "Asenath! Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo, mama," Asenath alijibu, akamimina unga kwenye maji yaliyokuwa bado hayajachemka.